Barua Nzito ya Madamu Aurélie

Kila neno lililo humu ni kweli. Sisemi karibu na kweli, wala kweli iliyopakwa mafuta kidogo ili ing'ae. Nasema kweli tupu. Kwa miaka ishirini na saba nilikuwa plantoni wa shule yetu hapa Wamaza, nikipeleka barua za direkta, mkuu wa shule, kwa wazazi kwa miguu yangu miwili, na mtu aliyebeba karatasi za watu muda wote huo hawezi kuwa mwongo. Hata hivyo, kwa wenye mashaka, naweka jogoo wangu mwekundu, yule ambaye akiwika mara moja kijiji kizima huamka, pamoja na walio safarini. Mtoto atakayenionyesha uongo mmoja katika habari hii, jogoo ni wake.

Basi, palikuwa na msichana wa darasa la sita aitwaye Nuru, binti wa Ramazani, mwenye miaka kumi na miwili. Asubuhi alichota maji kijitoni, akafagia uwanja, akala wali wa jana uliobaki sufuriani, kisha akatia daftari zake katika mfuko wa plastiki na kwenda shule. Jioni alikuwa na kazi nyingine, ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeiweza. Alisoma.

Baba yake alikamua mawese na kuyapeleka sokoni kwa baiskeli. Utotoni alifundishwa herufi za Kiarabu na mwalimu wa Kurani, lakini hizi za shule hakuzigusa. Namba tu ndizo alizozijua, kwa sababu ya kuhesabu bidoni zake za mafuta. Kwa hiyo ikija karatasi ya chifu, au ujumbe kwenye simu, au maandishi ya chupa ya dawa, Ramazani aliita, "Nuru, njoo unisomee." Na wageni wakiwapo, alimgusa bega na kusema, "Huyu ndiye macho yangu ya kusomea." Nuru alijifanya hasikii, lakini alisimama wima zaidi.

Mwaka ule tulipata mwalimu mpya, Madamu Aurélie kutoka Kasongo. Alifika kwa pikipiki msimu wa mvua, wakati tope la barabara yetu humeza pikipiki nzima na kurudisha kofia ya dereva tu. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na watoto walidhani hatamaliza mwezi.

Sasa, Nuru aliyesoma vizuri nyumbani alikuwa na shida darasani. Kila Jumatano wanafunzi walisimama mmoja mmoja kusoma Kifaransa kwa sauti. Mara ya kwanza Nuru alikwama kwenye neno la pili, na Plamedi, mvulana aliyekaa nyuma yake, akasema, "Ameweka muhogo mdomoni." Darasa zima lilicheka. Jumatano iliyofuata Nuru hakufika shuleni. Alikaa kijitoni mpaka kengele ya mwisho, kisha akarudi nyumbani kama mtu aliyesoma siku nzima. Jumatano ya pili alifanya vilevile.

Jumatano ya tatu Madamu Aurélie alimfuata kijitoni wakati wa mapumziko. Hakumshika sikio. Alivua viatu, akaketi juu ya jiwe, akatia miguu majini.

"Maji ni ya baridi," alisema.

"Ndiyo, Madamu."

"Mimi nilipokuwa na miaka yako nilijificha jikoni kwa shangazi. Wewe umechagua mahali pazuri zaidi."

Nuru alicheka bila kutaka, kisha akalia, kisha akasema yote. Mwishoni akaomba, "Usimwambie Baba. Tafadhali, Madamu. Ndugu yangu Hemedi alitolewa shule kwa ajili ya barua za direkta. Sasa anachimba dhahabu Lusangi. Baba alisema, barua mbaya ya kwanza ikija ya kwangu, nitamfuata bibi shambani, shule basi."

"Sitamwambia," alisema Madamu. "Siku moja utamwambia wewe mwenyewe. Mimi, hapana."

Kuanzia siku ile, kila baada ya masomo, wawili hao walibaki dakika chache na kusoma ukurasa mmoja, pole pole. Na Jumatano moja Nuru alisimama, akasoma ukurasa mzima, sauti imenyooka. Plamedi alifungua mdomo, akaufunga. Nuru aliketi akiwaza kwamba hapa duniani kuna mtu mmoja, mbali na mama yake, ambaye angemkabidhi hata roho yake.

Siku tisa baadaye, Ijumaa saa ya kutoka, Madamu Aurélie alisimama mlangoni na kumpa kila mwanafunzi barua iliyofungwa kwa gundi.

"Mpeni baba au mama mkononi," alisema. "Msifungue njiani."

Msomaji wa mbali hataelewa jinsi watoto walivyonyamaza. Kwetu, shule haikuwahi kumwandikia mzazi neno zuri. Barua ilikuwa na jina moja tu, konvokasyo, wito wa mzazi kuja kusikia makosa, na mama aliyeiona ikija alianza kutafuta fimbo kabla ya kuuliza kosa. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikipita, mbuzi walijificha. Nuru aliipokea yake kwa mikono miwili. Aliitazama bahasha, akamtazama Madamu. Madamu alitabasamu. Nuru akaona lile ni tabasamu la mtu aliyekwisha kukuuza.

Hata hivyo, huenda angeifikisha. Angeifikisha kabisa, kama si mtu aliyekutana naye njia panda. Mtu huyo alikuwa muuza samaki kutoka Nyangwe, mgeni kabisa, aliyekuwa akipumzika kando ya baiskeli yake yenye kapu la samaki wakavu. Alikuwa mtu mzuri wa sura, msemaji, ingawa umri ulikuwa umekwenda.

"Mjukuu, mbona uso umekauka hivyo?" aliuliza.

"Niko na barua ya shule."

"Lete niipime." Akaiweka juu ya kiganja, akafumba macho, akaipandisha na kuishusha. "Barua ziko na uzito wake. Nyepesi ni ya kuchelewa. Ya katikati ni ya kupigana. Lakini hii..." Akatikisa kichwa. "Hii ni nzito, mjukuu. Mara ya mwisho kushika nzito hivi, mutoto yule alifukuzwa, na baba yake akauza hata kiti alichokuwa anakalia."

Alikuwa anatania. Ninajua, maana watu wa namna ile hutania tu, hawana nia mbaya. Lakini mtoto hakujua. Aliichukua barua yake na kwenda moja kwa moja kijitoni, kwenye jiwe lile lile, na kila hatua alisema moyoni, "Aliniahidi. Alitia miguu majini, akaniahidi." Aliipasua barua vipande viwili bila kuifungua, akaitupa. Maji yaliipeleka.

Jioni Ramazani alikuwa anafunga bidoni kwenye baiskeli. Plamedi akapita njiani na kuita, "Nuru, yenu mmeisoma? Mimi ya kwangu naogopa kumpa Papa."

Ramazani akainua kichwa. "Barua gani?"

Nuru alihisi masikio yanawaka. "Ya shule, Baba. Nilitaka umalize kazi kwanza."

"Nimemaliza. Soma."

Mama yake, Mounira, akaacha kutwanga sombe, majani ya muhogo, ili asikie. Nuru aliingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya kwanza aliyoigusa, akaikunjua karibu na kifua chake, na kusoma kwa sauti ile ile nzuri aliyosomea chupa za dawa: "Kwa Mzee Ramazani. Shule inakusalimu, wewe na jamaa yako. Kesho Jumamosi hakuna kitu. Wazazi wabaki nyumbani. Asante."

Baba yake alinyoosha mkono. Nuru akampa karatasi bila kuangalia ni ipi, maana alijua kwa Ramazani maandishi yote ni mchwa tu. Ramazani aliitazama kwa muda, akaigeuza juu chini, akaikunja mara nne na kuiweka ndani ya kofia yake.

"Barua ya shule kunisalimu," alisema. "Haijawahi kutokea." Kisha akasema, "Hakuna lingine la kunisomea?"

"Hakuna, Baba."

"Sawa."

Asubuhi Nuru alikwenda kuchota maji. Njia ya kijitoni hupita nyuma ya shule, na alipofika pale alisikia sauti. Aliweka bidoni chini, akachungulia kwenye tundu la ukuta. Darasa lilijaa wazazi, wameketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda mpaka kidevuni. Papa yake Plamedi, mtu mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alikuwa amesimama.

"Plamedi," Madamu Aurélie alikuwa akisema, "hufagia darasa hili kabla wengine hawajafika. Sikumtuma. Nimeona kwa macho yangu siku kumi na moja. Nilitaka ulijue."

Yule mtu alibaki amesimama. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Hakuna kosa?"

"Makosa anayo, na tutayazungumza siku nyingine. Leo nimekuiteni kwa mazuri."

Papa Plamedi aliketi, akajifuta uso kwa kofia yake kana kwamba ni jasho. Ndivyo ilivyokwenda, mzazi baada ya mzazi. Mwingine aliambiwa mwanawe hugawa kalamu, mwingine kwamba wake huuliza maswali mazuri. Mwishowe Madamu akasema, "Amebaki Nuru wa Ramazani. Mzazi wake yupo?"

Watu waligeuka kutazama dawati la tatu, mahali pa Nuru. Lilikuwa tupu.

"Basi nitamngoja," alisema Madamu.

Wazazi walitoka wakicheka na kuitana. Madamu alibaki peke yake, mikono juu ya meza, akitazama mlango. Nuru aliona hayo yote kupitia tundu lile, na ndani yake kitu kikageuka. Tangu jana alikuwa amebeba uchungu wa mtu aliyesalitiwa, na sasa alianza kuona mikono iliyofanya usaliti ni ipi. Aliitazama mikono yake.

Aliporudi nyuma, mguu wake uliigonga bidoni, ikaanguka. Madamu akatoka nje.

"Nuru? Baba yako iko wapi?"

"Iko nyumbani. Nilimwambia hakuna mkutano."

"Barua ilisema kuna mkutano."

"Sikuisoma. Niliitupa majini." Kisha yakamtoka, "Ilikuwa nzito, Madamu. Ya kwangu ilikuwa nzito kuliko za wengine. Nilijua umeandika habari za Jumatano."

Madamu Aurélie alichuchumaa mbele yake. "Karatasi ziliniishia," alisema. "Ya kwako niliiandika mwisho, nikakata jalada la daftari langu, ndiyo sababu ilikuwa nzito. Niliandika kwamba ulisoma ukurasa mzima mbele ya watu thelathini na nane, na kwamba leo ningependa baba yako asikie." Sauti yake, ambayo siku zote ilikuwa ndogo, ikawa ndogo zaidi. "Nilikuahidi, Nuru. Ukaamini uzito wa karatasi kuliko neno langu."

Nuru aliokota bidoni yake tupu.

"Utamwambia baba?" aliuliza.

"Hapana. Nilisema sitamwambia, na sitamwambia hata sasa. Nenda wewe. Mimi nipo hapa mpaka saa tisa."

Nyumbani, Ramazani alikuwa ameketi mlangoni. Baiskeli ilikuwa imefungwa bidoni tayari tangu alfajiri, lakini hakuwa amekwenda sokoni. Nuru alipiga magoti mbele yake na kuanza kusema, na kabla hajafika mbali baba yake alivua kofia, akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, na kuikunjua juu ya goti.

"Arobaini na saba, ongeza kumi na tisa," alisema, akifuata kwa kidole. "Sitini na sita. Hapa chini, toa nane. Umepata sawa. Hesabu zako ni nzuri." Akainua macho. "Lakini sijawahi kuona barua ya salamu inayotoa nane."

Mama Mounira, aliyekuwa ndani, alitoka na kusimama.

"Ulijua tangu jana," alisema Nuru.

"Nilijua tangu jana. Nimelala na karatasi hii chini ya kichwa, nikingoja uje. Asubuhi nikasema nisiende sokoni, huenda akaja. Ukachukua bidoni ukaenda kuchota maji." Hakupaza sauti, na Nuru angependa aipaze. "Mutu akiniibia mafuta, nitakamua mengine. Wewe umeniibia macho. Tangu jana nakumbuka kila karatasi uliyonisomea. Ile ya dawa ya mama yako, ilisema vidonge viwili kweli? Ile ya chifu? Sijui tena."

"Zile zote zilikuwa kweli, Baba. Naapa."

"Mimi nitajuaje?"

Nuru alisogea karibu zaidi na miguu ya baba yake. Alieleza yote kuanzia mwanzo: muhogo mdomoni, Jumatano tatu kijitoni, ahadi, uzito, jiwe, maji. Hakuruka kitu. Alipomaliza alisema, "Sasa nitakwenda kwa bibi?"

Ramazani aliwafukuza kuku waliokuwa wakidonoa miguuni pake.

"Hemedi alificha konvokasyo tatu," alisema. "Ya nne ililetwa mkononi mwangu. Sikumtoa shule kwa sababu ya makosa. Nilimtoa kwa sababu sikujua tena neno lake lipi ni la kweli. Na miaka ile yote, hakuna mutu wa shule aliyewahi kuniambia hata jema moja la mutoto yule. Labda yalikuwepo. Labda ningengoja kidogo." Akasimama, akajipangusa vumbi. "Mama Nuru, nipe kanzu safi. Huyo Madamu anangoja mpaka saa ngapi?"

"Saa tisa," alisema Nuru.

Walimkuta bado yupo. Ramazani alisalimu, akaomba radhi kwa kuchelewa kama vile kosa lilikuwa lake, na Madamu akampa kiti chake mwenyewe. Kisha akakata jalada la pili la daftari, akaandika upya barua ile ile, mbele yao, kwa Kiswahili. Akampa Nuru.

"Msomee baba yako."

Nuru alisoma. Ilikuwa mistari sita. Kwenye mstari wa nne alisimama, akauanza tena, si kwa woga wa Kifaransa safari hii. Baba yake alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaomba kuishika.

"Jina lake limeandikwa wapi?"

Nuru akamwonyesha. Ramazani aliweka kidole juu ya herufi zile nne, akazitazama moja moja kama mtu anayekagua bidoni kama zinavuja.

"Siku nyingine nitalitafuta kwanza hili," alisema. "Nisipoliona, nitauliza."

"Na mimi nilikosea," alisema Madamu Aurélie. "Nilileta furaha nikaivika nguo za msiba. Bahasha, gundi, msifungue. Kuanzia sasa nitamsomea kila mtoto barua yake kabla hajatoka mlangoni, na zingine nitazileta mwenyewe kwa miguu."

Ramazani akamgeukia bintiye. "Sikia, Nuru. Ukimshuku mutu aliyekutendea mema, nenda kwake umuulize usoni. Neno moja la kuuliza lingekuepusha na yote haya. Na mutu asiyejua kusoma akikupa karatasi yake, amekupa mkono wake umwongoze njiani. Usimpeleke shimoni hata kama wewe ndiye unayeogopa. Shuleni utabaki. Lakini kuniamini kutarudi pole pole, kama ulivyojifunza kusoma ule ukurasa."

Na kulirudi. Jumatatu Nuru alimsomea baba yake chupa ya dawa tena, na Ramazani akaipeleka kwa muuguzi kuhakikisha. Ijumaa hakuipeleka.

Hadithi ingeishia hapo vizuri sana. Lakini Madamu Aurélie aliniomba nije kuisoma darasani kabla haijaandikwa safi, na mimi, kwa kupenda kusikilizwa, nikaenda. Nilisoma kwa madaha. Nilipofika kwa muuza samaki kutoka Nyangwe, Nuru aliinua mkono.

"Mzee Iliasi, hakukuwa na muuza samaki."

"Alikuwepo," nikasema. "Mwenye kapu."

"Ni wewe uliyepima barua yangu. Ulikuwa umeketi kwenye baiskeli yako, unakula karanga."

Watoto thelathini na wanane walinigeukia. Nikajaribu kusema kwamba macho ya mtoto mwenye hofu hayaoni sawasawa. Plamedi akasema, "Mzee, nani mwingine Wamaza hupima barua kwa kiganja?" Nikatazama dirishani. Hakuna aliyekuja kuniokoa.

Miaka ishirini na saba nilibeba barua zilizofungwa na sikuwahi kujua hata moja imesema nini. Nilizipima ili nionekane najua. Sikudhani kuna mtu aliyekuwa akiniamini. Nilimwambia Nuru hivyo, mbele ya wenzake, na nikamwomba anisamehe. Alifikiri kidogo, akaniambia uongo wa tope na pikipiki wamenisamehe, kwa sababu kila mtu anajua tope la Wamaza, lakini wa samaki, hapana.

Jogoo mwekundu sasa yuko kwa Ramazani. Huwika alfajiri kutoka upande wa pili wa njia, na ninamsikia vizuri kabisa.